Sababu Nne

Walinipa karatasi iliyoandikwa kwa haraka,
herufi zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe,
wakasema: Piga chapa, nakala tano, na mdomo uufunge.

Sababu ya kwanza: kutokuwepo kazini
siku tisa za Machi, bila ruhusa ya maandishi.
Ya pili: gari la chuo, lile jeupe la taa moja,
lilionekana Kitale likipakia magunia.
Ya tatu: lugha isiyofaa mbele ya Baraza.
Ya nne: kukaidi amri halali ya mkubwa wake.
Kisha Sheria ya Ajira, kifungu cha arobaini na nne,
na nafasi ya sahihi, nukta nukta hadi ukingoni.

Miaka ishirini na miwili nipo hapa Webuye.
Niliikuta harufu ya kiwanda cha karatasi ikiingia madirishani
kama kabichi iliyosahauliwa jikoni,
nikaiona ikipungua, ikakoma, bomba likabaki limesimama
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Nimepiga chapa barua za kuajiri, za kupandisha cheo, za rambirambi.
Vidole vinajua uzito wa kila moja.

Siku tisa za Machi, Msajili Protus Wamocha
alikuwa Lugulu, wodi ya wanaume, kitanda cha kando ya mlango,
akimshikilia babake mguu ili wauguzi wafunge kidonda.
Ruhusa aliomba kwa simu.
Simu haina muhuri.

Magunia ni kweli. Nilikula ugali wake.
Moja lilishushwa mlangoni kwangu usiku,
mwaka ule mishahara ilipokwama Nairobi,
wala sikuuliza lilipanda gari gani.

Lugha isiyofaa: alisema, "Hesabu hizi zinanuka."
Nilikuwepo, nikichukua kumbukumbu.
Nikaandika: Msajili alitoa maoni.

Na ile amri halali waliileta saa kumi na mbili jioni:
jina moja la ziada kwenye orodha ya mahafali,
mtoto wa mtu.
Akalitazama, akavua miwani,
akasema jina hili halijawahi kuketi darasani kwetu
hata kukimbia mvua.

Mpaka hapo ungedhani nasimulia habari za mtakatifu.

Subiri. Nje ya ofisi yake kuna benchi,
mbao zake zimeng'arishwa na sketi na suruali.
Nafuna Khaoya alilikalia miezi kumi na minne.
Alidaiwa shilingi elfu sita na mia tatu,
na cheti chake kililala ndani ya kabati la chuma
ambalo ufunguo wake uliishi mfukoni mwa Wamocha.
Alikuja na mamake. Alikuja na barua ya chifu.
Alikuja na kuku, akarudi naye.
"Kanuni ni kanuni," akaambiwa, macho hayakuinuliwa,
na mtu yule yule wa magunia.
Mara ya mwisho alikuja na mtoto mgongoni,
akauliza kama ile nafasi ya ualimu Chwele bado inamngoja.
Akaniuliza mimi,
kana kwamba mimi ndimi Chwele.

Sasa yuko pale malori yanapopimwa uzito,
anachoma mahindi,
na chenji yake haikosei hata shilingi.

Nilimtafuta kwenye karatasi ya wakubwa.
Nikaigeuza upande wa pili.
Kulikuwa na duara la kikombe cha chai.

Wamocha alitia sahihi akiwa amesimama.
Akakabidhi kitambulisho, muhuri, kompyuta, mwavuli wa chuo.
Ufunguo haukuwa kwenye orodha, hakuna aliyeukumbuka.
Akauweka juu ya meza yangu:
"Rafu ya chini. Herufi K."
Samahani hakusema. Labda alidhani ndiyo hiyo.

Saa kumi na moja sasa. Mvua imekatika,
trela za miwa zinapanda mlima kwa kikohozi.
Nina bahasha ya kaki chini ya sweta,
na deni la elfu sita na mia tatu halijalipwa.
Wakiuliza ni nani aliyekaidi,
sababu ya nne nimekwisha kuipiga chapa.
Wabadilishe jina tu.